Gelatini ya Knox kwenye bia ya nyumbani: pakiti moja, mikupuo minne

Kasha dogo la Knox lina pakiti nne za gelatini ya unga isiyo na ladha, kila pakiti takriban gramu 7. Kule Marekani huuzwa kwenye rafu ya vitindamlo, na ndiyo gelatini ambayo watu wanaotengeneza bia nyumbani, wakitaka kuiondolea bia ukungu, wameizoea kuliko nyingine yoyote. Hukumu tuiseme mapema: kwa bia ya kegi (pipa la chuma la kuhifadhia bia na gesi yake) inayotakiwa ing'ae kama lager ya dukani, inunue bila kusita. Kwa bia ya chupa inafaa, ila ina masharti yake. Kwa bia ya ngano ya Kijerumani au IPA nzito ya mtindo wa New England (bia yenye hopsi nyingi, yale maua ya kuipa bia uchungu na harufu), iache dukani, maana ukungu wa bia hizo ndio bia yenyewe. Hata mbege haina haja nayo: mbege iliyo angavu kama maji ya chupa, mnywaji atauliza ulezi umekwenda wapi.

Kuna sifa moja ambayo gelatini hupewa na si yake. Kinachosafisha bia ni baridi. Gelatini huharakisha tu. Ilaze lager kwenye nyuzi 0 hadi 2 kwa wiki nne hadi sita bila kutia kitu, nayo itatulia na kung'aa, au itakaribia sana. Tia gelatini, na matokeo hayo utayaona kwa siku mbili au tatu. Unachonunua, kwa hiyo, ni nafasi ya friji kwa mwezi mzima. Anayeimwaga kwenye bia yenye nyuzi 20 kisha akakaa kusubiri, amepoteza unga wake, na mara nyingi huyo ndiye anayeandika kwamba gelatini haifanyi kazi.

Sababu iko kwenye ukungu wenyewe. (Hapa ukungu si kuvu, ni ule weupe kwenye glasi, kama maji ya kuoshea mchele.) Unaotusumbua ni wa aina mbili. Wa kwanza ni hamira ambayo bado inaelea. Chembe zake zina chaji hasi, na gelatini ikiwa kwenye bia, ambayo pH yake huwa kati ya 4 na 4.5, ina chaji chanya. Zinavutana, zinashikana mafungu mafungu, fungu linakuwa zito, linazama. Wa pili ni ukungu wa baridi: protini ya shayiri na tanini, zile kemikali za mmea zenye ukakasi, zitokazo kwenye maganda ya kimea na kwenye hopsi. Bia ikiwa na joto la chumbani, hivi viwili hushikana kwa ulegevu na havionekani. Ikipoa hadi nyuzi chache juu ya sifuri, vinakamatana na kuwa chembe zinazotawanya mwanga. Gelatini ina prolini nyingi, asidi amino ileile inayoifanya protini ya shayiri ipendwe na tanini, kwa hiyo hujiunga na mafungu hayo na kuyatelemsha. Lakini ni lazima mafungu yawepo kwanza. Kwenye bia ya uvuguvugu bado hayajaumbika, na gelatini hupita mikono mitupu.

Kabla ya kufungua pakiti, jua ukungu wako ni upi. Jaza glasi mbili, moja iache mezani, nyingine iwe baridi hasa. Iliyo baridi ikiwa na ukungu na ya mezani ikang'aa, hilo ni tatizo la baridi na gelatini italimaliza. Zote mbili zikiwa na ukungu, ziache zilale usiku kucha. Asubuhi ukikuta tabaka la rangi ya maziwa chini ya glasi na juu kumeanza kung'aa, hiyo ilikuwa hamira, na gelatini itaimaliza pia. Ukikuta hakuna kilichosogea, dondoshea tone la ayodini, ile ya vidonda ya duka la dawa, kwenye kijiko cha bia. Ikigeuka rangi ya bluu iliyokoza au nyeusi, ni wanga. Kimea hakikukaa vya kutosha kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68, au maji yalizidi joto na kuua vimeng'enya mapema. Wanga hautibiki kwa gelatini hata utie pakiti nzima. Na bia iliyoingia bakteria, yenye uchachu usiotarajiwa na nyuzinyuzi za utelezi, si ya kusafishwa. Ni ya kumwaga.

Sasa kipimo, na hapa ndipo kasha la Knox linapokera kidogo. Pakiti imepimwa kwa ajili ya jeli, si kwa bia. Dozi ni gramu 0.08 hadi 0.1 kwa kila lita, yaani gramu 1.5 hadi 2 kwa kegi ya lita 19. Robo ya pakiti, gramu 1.75, inaangukia katikati, na kasha zima linatosha mikupuo 16 (mkupuo ni bia inayopikwa kwa mara moja, hapa lita 19). Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 3, kwa hiyo nusu kijiko inakubalika. Lakini ukiwa na ndoo ya lita 5 unahitaji chini ya nusu gramu, na hapo kijiko hakikusaidii. Tafuta mizani ndogo ya kupimia vito. Asiye nayo afanye hivi: ayeyushe pakiti nzima kwenye mililita 280 za maji, kisha achukue mililita 70 kwa lita 19, au 37 kwa lita 10, na kadhalika. Inayobaki imwagwe au iwe jeli ya watoto. Usiiweke wiki mbili kwenye friji kungoja mkupuo ujao. Huo ni mchuzi wa protini, na bakteria wanaujua kuliko wewe.

Kuzidisha dozi hakuongezi mng'ao. Gelatini ikizidi, chembe zinafunikwa zote na zinaanza kusukumana badala ya kushikana, na mashapo yanakuwa mepesi kama pamba, yanapanda kila kegi inapoguswa. Ukiona siku tatu zimepita na bia haijabadilika, kabla ya kuongeza unga soma kipimajoto. Mara nyingi friji inasema nyuzi 4 na katikati ya kegi kuna 9.

Kuandaa ni kazi ya nusu saa. Pima mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupoa, yaweke kwenye bilauri ya kioo iliyosafishwa vizuri, nyunyiza unga juu taratibu na uache dakika 10 hadi 15. Punje zitanyonya maji na kuvimba hadi zionekane kama sago iliyolowa. Usiruke hatua hii. Unga uliomwagwa moja kwa moja kwenye maji ya moto hujifunga madonge, nje yameiva na ndani makavu, na madonge hayo hayayeyuki tena hata ukoroge hadi mkono uchoke. Baada ya kuvimba, pasha moto hadi nyuzi 65 hadi 70. Kwenye mikrowevu, sekunde 10 kwa mara, koroga, pima, rudisha. Kwenye jiko, weka bilauri ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ishike kwenye joto hilo dakika 10, inatosha kuua vijidudu ambavyo huenda vilikuja na unga. Ikiwa tayari inaonekana kama maji yenye rangi hafifu ya majani makavu, bila punje hata moja ukiiinamisha kwenye mwanga.

Usiichemshe. Mchemko hukata minyororo ya protini vipande vifupi, na vipande vifupi havina urefu wa kukamata chembe mbili kwa wakati mmoja. Mikrowevu ndiyo mkosaji mkubwa: mililita 100 huruka kutoka nyuzi 60 hadi kufurika ukigeuza shingo tu. Kosa la upande wa pili ni kutumia maji kidogo mno. Pakiti nzima kwenye robo kikombe ni mchanganyiko unaozidi asilimia 10, na ukigusa bia ya nyuzi 1 hukakamaa papo hapo na kuwa kamba za mpira zinazozama bila kufanya kazi yoyote, isipokuwa kuziba mrija wa kutolea bia. Kaa kwenye asilimia 1.5 hadi 2.5, imimine ikiwa bado ya moto, na usiogope: mililita 100 za moto haziwezi kuipasha lita 19.

Bia yenyewe iwe imemaliza kuchacha. Uzito wake ukilinganishwa na maji, ule unaosomwa kwa hidromita, ukipimwa siku tatu mfululizo usibadilike, na ladha ya siagi, kama ilikuwepo, iwe imeshaondoka. Gelatini haijui kutofautisha hamira iliyochoka na ile yenye kazi bado. Huzivuta zote chini, na ladha ya siagi inabaki humo bila wa kuiondoa. Kisha ipoze hadi nyuzi 0 hadi 2 na uipe siku nzima na usiku wake, kwa sababu lita 19 hazipoi haraka kwenye friji ya nyumbani. Usishuke chini ya -1. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda karibu na -2.

Wakati wa kupoza, gesi iliyo juu ya bia inasinyaa na nyingine inazama ndani ya bia, na chombo kinavuta pumzi. Kile kizibo cha maji cha kupitishia gesi hugeuka mlango wa kuingizia hewa, na wakati mwingine hunywesha bia maji yake machafu. Kama chombo kinastahimili shinikizo, kiunganishe na silinda ya kaboni dioksaidi kwa shinikizo dogo kabisa. Kama ni ndoo ya plastiki, ziba tundu kwa karatasi ya alumini iliyopuliziwa spiriti na ukubali kwamba hewa kiasi itaingia. Hewa hiyo ndiyo bei halisi ya njia hii. Kasha la Knox ni dola chache, lakini bia yenye hopsi nyingi iliyofunguliwa ovyo hupoteza harufu na kuanza kunuka kadibodi kabla ya mwezi.

Kwenye kegi bei hiyo inapungua. Kegi ya kawaida ya lita 19, ile iliyorithiwa kutoka kwenye biashara ya soda, ina valvu ya kuachia gesi. Achia shinikizo lote, fungua kifuniko, mimina gelatini polepole kwa kuzunguka, funga mara moja. Kisha jaza gesi hadi bar 1, achia, rudia mara tano. Kila mara hewa iliyobaki juu hupungua nusu, na mara ya tano inabaki sehemu moja kati ya 32. Wapo wanaotumia njia safi zaidi: gelatini inawekwa kwenye chupa ya plastiki ya soda yenye kifuniko cha kujazia gesi, hewa inabanwa nje kwa mkono, chupa inajazwa kaboni dioksaidi, inapinduliwa, halafu inaunganishwa na kegi kwa mpira mfupi kwenye upande wa bia. Shinikizo la chupa likiwa juu ya la kegi, gelatini inaingia bila kifuniko kuguswa. Kwa pale ale (bia jamaa ya IPA) yenye hopsi nyingi zilizotiwa mwishoni, hii ndiyo njia tunayoitambua. Nyingine ni kucheza kamari.

Tahadhari kwa anayetaka kusafisha bia ambayo tayari ina gesi. Inawezekana, ila ukimimina kitu cha moto juu ya bia yenye gesi, povu litakufuata hadi dari. Iwe baridi sana, achia gesi, subiri dakika 10, mimina kwa ubavu wa kegi.

Baada ya hapo, saa 24 zinaleta tofauti ya wazi, saa 48 zinamaliza kazi kwa bia nyingi. Glasi ya kwanza itakuwa tope la rangi ya chai ya maziwa. Mwaga mililita 250 hadi 500, inayofuata utaweza kusomea gazeti nyuma yake. Ikiwa ya tatu na ya nne bado zina tope, mrija unanyonya mashapo: ukate sentimita 1 hadi 2, au weka mrija unaoelea unaochota juu. Na kegi ikishatulia isihamishwe. Kuibeba kwenye gari kwenda kwenye sherehe kunafuta kazi yote, na itataka siku nyingine mbili za kusimama. Anayejua atasafiri nayo aisafishe kwanza, kisha aihamishe bia kwa shinikizo kwenda kegi nyingine, mashapo yabaki nyuma.

Kwa chupa, sharti la kwanza ni subira. Bia hunyonywa kutoka juu ya mashapo ikiwa bado baridi, ndipo sukari inatiwa. Wengi huogopa kwamba hamira imekwisha na chupa hazitapata gesi. Haijaisha. Bia inayoonekana safi kabisa kwa macho bado ina hamira ya kutosha, ila ni chache, kwa hiyo chupa zikae wiki tatu kwenye nyuzi 20 na zaidi badala ya mbili. Kosa la kweli hufanyika kwenye hesabu ya sukari. Vikokotoo huuliza joto la bia, na mtu anaandika 2 kwa sababu ndivyo kipimajoto kinavyosema. Kikokotoo kinadhani bia imeshika gesi nyingi, kinapunguza sukari, na chupa zinakuwa maji. Andika joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia mwishoni mwa kuchacha. Kwa nyuzi 20, gramu 6 za sukari ya kawaida kwa lita ndizo za bia nyingi.

Je, kuna haja ya kununua Knox hasa? Hapana. Gelatini yoyote ya jikoni isiyo na sukari, rangi wala ladha inafanya kazi, na ile inayouzwa kwa watengenezaji bia kwenye mfuko mzuri wenye picha ya glasi ni kitu kilekile kwa bei ya juu. Ya karatasi inayotumika Ulaya inaishinda Knox kwa urahisi wa kupima: karatasi moja ya daraja la dhahabu ina takriban gramu 2, dozi kamili ya lita 19 bila mizani. Iloweke dakika 5 kwenye maji baridi, ikamue, iyeyushe kwenye mililita 100 za maji ya nyuzi 70. Unga wa jeli wa watoto una sukari na rangi, usiuguse. China grass, ambayo majiko ya pwani yanaijua sana kwa faluda na pudini, inaganda kama gelatini lakini inatoka kwenye mwani, si protini, na haiwezi kushika nafasi hii.

Suala la asili lisifichwe wageni. Gelatini nyingi ya Ulaya na Marekani hutoka kwenye ngozi ya nguruwe, nyingine kwenye mifupa na ngozi ya ng'ombe. Karibu yote huzama, lakini mtu asiyekula nyama ana haki ya kuambiwa, na yupo pia anayekunywa bia huku nguruwe hamgusi. Gelatini ya ng'ombe yenye alama ya halali, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki, inafanya kazi. Chaji yake kwenye bia huwa dhaifu kidogo, kwa hiyo chukua gramu 2 badala ya 1.5.

Asiyetaka mnyama kabisa ana Biofine Clear, silika iliyotengenezwa kuwa kimiminika. Haihitaji kupashwa wala kulowekwa, na inafanya haraka, ila bei yake kwa mkupuo ni kubwa zaidi. Kisafishaji cha kale cha Waingereza ni mfuko wa hewa wa samaki, kitu ambacho Mwanza kinaitwa bondo na kinauzwa kwa bei inayomfanya sangara aonekane kama kifungashio. Kina nguvu hasa kwa hamira kwenye bia za pipa za nyuzi 12, ambako gelatini inasuasua, lakini kinaharibika kwenye joto la chumba chetu cha kawaida na kwa ukungu wa baridi hakiizidi gelatini. Guinness walitangaza kukiacha mwaka 2015.

Mwani una nafasi yake, ila mapema zaidi. Karaginani, itokanayo na mwani wa jamii ile inayolimwa Zanzibar tangu 1989, hutiwa kwenye sufuria dakika 10 hadi 15 kabla ya mwisho wa mchemko. Kidonge kimoja cha Whirlfloc, ambacho ni karaginani iliyofungwa kidonge, kwa lita 19 huangusha protini kabla bia haijawa bia. Haichukui nafasi ya gelatini wala gelatini haichukui yake, na mkupuo uliopata kidonge mara nyingi hutosheka na gramu 1.5 mwishoni.

Pakiti iliyobaki robo tatu ikunje, ifunge kwa kibanio, iweke ndani ya chupa kavu yenye kifuniko kinachokaza. Kwenye unyevu wa pwani, unga ulioachwa wazi hushikana kuwa gamba ndani ya wiki chache, na gamba hilo halivimbi sawasawa hata ulipe saa nzima.